Dirisha la Baba Ursula

Noela alikuwa na njia yake ya kujua kwamba Baba Ursula ameingia kazini, ingawa yeye alikaa ofisini karibu na stendi ya Babati na mzee alifanyia kazi sebuleni kwake Nakwa. Skrini ilisinyaa. Maandishi yaliyokuwa yametanda upana wote wa kioo yalijikunja ghafla kwenye kona ya juu kushoto, na sehemu yote iliyobaki ikajaa nukta tupu.

Sababu yake ilikuwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemwanza Baba Ursula jicho la kulia, na mzee, asiyependa kulalamika, alikuwa akiongeza ukubwa wa herufi kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mpaka kompyuta yake ikawa inabeba mistari michache tu, kila herufi kama tofali. Wote wawili walifanya kazi ndani ya programu moja kwenye seva, ile iitwayo tmux, na toleo lao la zamani lilikuwa na desturi ya kumfuata mwenye skrini ndogo. Kwa hiyo macho ya Baba Ursula yalipopungua, kioo cha Noela nacho kilipungua.

Kwa asiyeijua, tmux ni kama nyumba iliyojengwa ndani ya seva. Unaingia kwa njia ya mtandao, unafungua madirisha yako ya kazi, unaandika amri zako. Mtandao ukikatika unajikuta nje, lakini nyumba imesimama palepale na kazi inaendelea. Ukirudi, unakuta kila kitu ulivyokiacha. Na wakiwa wawili ndani ya nyumba moja, anachoandika huyu na yule anakiona.

Ndiyo maana walisalimiana humo humo. Siku ya kwanza Noela kuingizwa ndani, aliona aibu kuanza kazi mbele ya mtu mzima bila salamu, akaandika "shikamoo" kwenye mstari wa amri na kubonyeza Enter. Seva ikamjibu kwamba haiijui amri ya shikamoo. Akiwa bado anaitazama hiyo jeuri, herufi zikaanza kujiandika polepole mbele yake: "# marahaba binti. Weka alama ya reli mbele, mashine haitaingilia mazungumzo ya watu."

Tangu siku hiyo waliweka alama ya reli.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya Mama Gerson, ambaye kwenye leseni ya biashara aliandikwa Jacqueline, jina ambalo hakuna aliyethubutu kulitumia. Mbele kulikuwa na kaunta ya kuchapisha na kutoa nakala. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo chenye feni na seva za watu: ya redio moja ya mjini, ya shule mbili, ya ghala la mbaazi la Maisaka. Noela alianzia kaunta. Kazi ya seva alijifunza jioni baada ya wateja kupungua, na Baba Ursula alimvumilia kila swali.

Sasa Baba Ursula alikuwa karibu kwenda Moshi kufanyiwa upasuaji wa jicho, na baada ya hapo asiguse kompyuta mpaka daktari aseme. Mama Gerson alikuwa amekwisha kumtaja Konstantini, mtoto wa dada wa mume wake, anayefanya kazi za mitandao Arusha.

"Si kwamba sikuamini, Noela," alimwambia huku anapanga karatasi za nakala. "Lakini wewe ni mpole mno. Seva inataka mtu wa kuamua. Juzi mteja amekaa kwenye kiti chako nusu saa, wewe umesimama."

"Alikuwa mtu mzima, mama."

"Alikuwa anachaji simu!"

Noela alijua Konstantini akija ataingia chumba cha nyuma, na yeye atarudi kwenye kaunta kubadilisha tona. Wala hakuichukia kaunta. Ila chumba kile kidogo chenye feni alikuwa amekipenda, kama mtu anavyopenda shamba alilolilima mwenyewe, na hakutaka kukitoka.

Kati yake na Baba Ursula kulikuwa na ugomvi mmoja tu, tena wa adabu mno kiasi kwamba hata Mama Gerson hakuwahi kuusikia. Ulihusu gurudumu la mausi.

Mtu yeyote akitaka kuona maandishi yaliyokwisha kupanda juu ya skrini, anazungusha gurudumu. Lakini ndani ya tmux, kama hujaiambia ikubali mausi, gurudumu halipandishi maandishi. Linaleta amri za zamani, moja baada ya nyingine, kama karani anayekuletea majalada ambayo hukuyaomba. Noela alilisumbukia jambo hilo hadi alipopata mpangilio wa kuliondoa, akauandika kwenye faili la mipangilio na kuacha maelezo: "# Nimewasha mausi ili tuweze kusoma ya nyuma. Noela."

Asubuhi yake akakuta mpangilio umezimwa. Chini ya maelezo yake kulikuwa na mengine: "# Nimezima kidogo. Sikuweza kunakili neno kwa mausi. Samahani binti."

Noela akawasha. "# Shikamoo baba. Ukishikilia Shift unanakili kama zamani."

Baba Ursula akazima. "# Marahaba. Shift ni ya herufi kubwa."

Ikaendelea hivyo. Faili la mipangilio lenye mistari kumi ya kazi likawa na mistari arobaini ya mazungumzo, na humo humo walijuliana hali za nyumbani, mvua za Nakwa, na ndama wa Baba Ursula aliyezaliwa na mguu mbaya akapona. Kwenye simu ugomvi huo hawakuugusa kabisa. Wakipigiana, walizungumzia seva kwa uchangamfu, kila mmoja akijua mkono wa mwenzake ulivyopita usiku uliotangulia.

Gurudumu lenyewe ndilo lililoamua kesi. Siku moja mausi ikiwa imezimwa, Noela alitaka kusoma ya nyuma, akazungusha kwa mazoea, amri ya zamani ikajitokeza bila yeye kuitazama vizuri, akabonyeza Enter. Ilikuwa amri ya kuzima na kuwasha upya matangazo ya redio ya mtandaoni. Redio ikanyamaza katikati ya kipindi cha salamu. Mtu mmoja wa Sigino, aliyekuwa akisalimia ukoo wa mkewe, alikatwa baada ya mashemeji na kabla ya mama mkwe, na alipiga simu kuuliza nani sasa atakwenda kueleza.

Jioni ile Noela akakuta kwenye faili: "# Washa mausi. Nitajifunza hiyo Shift yako. Mama mkwe si mtu wa kuchezewa."

Noela alipopata ushindi huo, akataka na mwingine. Tmux, usipoiambia chochote, hukumbuka mistari elfu mbili tu ya maandishi yaliyopita. Inayozidi hapo inaidondosha kimya kimya. Akaandika elfu hamsini, akaiamuru isome faili upya, ikaitikia bila kulalamika. Akajiegemeza kwenye kiti, akakitazama kioo kwa fahari. Hakuna kitakachompita tena.

Wiki ile Mama Gerson akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Redio wanahamia seva mpya," alisema. "Rekodi zao zote. Zamani mzee ndiye angehamisha, lakini safari hii ufanye wewe. Mwanzo mpaka mwisho. Nikiona limekwenda, Konstantini abaki Arusha kwa mama yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na ukae kwenye kiti chako."

Programu ya kuhamisha ilikuwa ya Baba Ursula, aliyoiandika mwenyewe. Ilichukua kila rekodi, ikaibana, ikaipeleka seva mpya, na kuandika mistari kadhaa kuieleza. Rekodi iliyogoma iliandikiwa neno moja: IMESHINDIKANA. Mara chache, ikikuta rekodi mbili zenye jina moja, ilisimama na kuuliza kama iandike juu ya ile ya kwanza, ikasubiri jibu. Kwa sababu ya maswali hayo haikufaa kuielekeza iandike kwenye faili, kwani swali nalo lingekwenda kwenye faili, na mtu angebaki amekaa mbele ya skrini tupu akidhani kazi inaendelea. Wewe ulikaa nayo, ukaitazama, na ilipomaliza ukapanda juu kusoma zilizogoma.

Noela aliiendesha asubuhi, katika dirisha namba sifuri.

Dirisha namba sifuri lilikuwa la Baba Ursula. Alilifungua kabla Noela hajaajiriwa, na halikuwahi kufungwa. Noela angeweza kufungua la kwake, ni suala la kubonyeza vitufe viwili, lakini tmux ilivyo, walio ndani ya kikao kimoja huhamishwa pamoja: ukifungua dirisha jipya, na mwenzako anajikuta humo, apende asipende. Kwa Noela hilo lilikuwa sawa na kumnyanyua mzee kwenye kiti chake na kumpeleka chumba kingine bila kumuuliza. Kwa hiyo kila kazi aliifanyia humo, kama mgeni anayekaa pembeni ya sebule ya watu na kuomba chumvi.

Rekodi zilipita. Maswali mawili yalikuja, akayajibu. Alasiri programu ikamaliza na kutangaza kwamba zilizoshindikana ni thelathini na saba. Noela akashika mausi, akazungusha gurudumu kupanda juu. Maandishi yakapanda kwa utii. Akapita Z, akapita V, T, akafika S, na hapo gurudumu likazunguka bure. Akazungusha tena. Juu kabisa ya dirisha palikuwa na rekodi ya semina ya wafugaji wa nyuki, na juu yake hapakuwa na kitu. A mpaka R zote zilikuwa zimekwenda.

Akaangalia faili la mipangilio. Elfu hamsini, imeandikwa vizuri. Akaliuliza dirisha lenyewe linakumbuka mistari mingapi. Likasema elfu mbili.

Mama Gerson alikuwa amesimama mlangoni. "Limekwenda?"

"Limekwenda, mama. Zimegoma thelathini na saba."

"Zipi?"

"Kuna... semina ya nyuki."

"Na nyingine?"

"Ninazo zinazoanzia S kwenda mbele."

Mama Gerson alimtazama. "Kwa hiyo redio nzima ina watu wa S tu? Akina Basil wao hawajawahi kuimba?"

Ilikuwa kama utani, lakini hakucheka. Coletha, mtunza rekodi wa redio, alihitaji majina hayo kesho yake kabla ya saa kumi jioni. Zilizogoma ilibidi azichukue upya kutoka kwenye kanda, na mashine ya kanda ilikuwa ya kuazima kwa katekista wa Sigino, ambaye alikuwa amekwisha kutuma ujumbe wa upole mara tatu kuulizia hali ya mashine yake.

"Kesho nzima unayo," Mama Gerson alisema. "Ikishindikana, nampigia Konstantini apande basi. Sitaki kufanya hivyo, Noela. Lakini nitafanya."

Alipotoka, Noela alimpigia Baba Ursula na kumweleza yote bila kuruka kitu. Upande wa pili pakatoka sauti aliyodhani ni kikohozi. Mzee alikuwa anacheka.

"Subiri," alisema. "Ulibadilisha mpangilio, halafu ukafanyia kazi dirisha la zamani?"

"Ndiyo, baba."

"Binti, kila dirisha linapewa kumbukumbu yake siku linapofunguliwa. Ukibadilisha baadaye, wanaozaliwa baadaye ndio wanaofaidi. Hili langu litakufa na elfu mbili zake. Kwa nini hukufungua jipya?"

"La kwako lipo, baba."

"Lipo, ndiyo. Sasa?"

"Nikifungua jingine nakuhamisha na wewe. Nikaona si vizuri."

Kikohozi kile kikarudi, kirefu zaidi. "Kumbe ni heshima! Mama Ursula, njoo usikie, dirisha langu linaheshimiwa!" Sauti ya mwanamke ikasikika kwa mbali ikiuliza dirisha lipi, lenye wavu au lisilo na wavu. Baba Ursula akarudi kwenye simu. "Mimi hilo dirisha silipendi hata kidogo. Nimekuwa nikisema, huyu binti amelizoea, nikilifunga nitamvuruga. Kesho fungua la kwako. Mimi nitakufuata tu, nina kazi gani?"

Kesho yake asubuhi Noela aliisafisha seva mpya, akafungua dirisha. Akaliuliza linakumbuka mistari mingapi. Elfu hamsini. Aliuliza mara ya pili, kwa kuwa jana ilimfundisha. Alipokuwa anajiandaa, skrini ikasinyaa na nukta zikatanda.

"# shikamoo baba."

"# marahaba. Pazuri hapa. Pana hewa."

"# naanza sasa baba."

"# haya. Mimi nipo tu."

Programu ikaanza kuteremka, A, B, C. Noela alijibu swali moja kwenye D, akanywa chai. Mama Gerson alipita mara kwa mara akijifanya anatafuta mkasi. Mpaka baada ya chakula cha mchana kila kitu kilikuwa shwari, na herufi zilikuwa zimefika M.

Ndipo maandishi yakaanza kurudi nyuma yenyewe.

Noela aliondoa mkono kwenye mausi kuhakikisha si yeye. Si yeye. Skrini ilipanda kwa vipande vidogo, taratibu, ikasimama kwenye K, kwenye safu ndefu ya kwaya. Ikapanda kidogo, ikasimama. Ikashuka, kama mtu aliyerudi kusoma jina moja tena. Baba Ursula alikuwa amegundua gurudumu.

Noela alitabasamu. Mzee alikuwa ameimba besi ujanani, na kwaya zote za milimani alikozaliwa zilikuwa humo. Alimwachia asome. Programu ilikuwa inaendelea chini, haikudhurika kwa mtu kutazama ya nyuma. Ila alichochagua kutazama mmoja ndicho walichokiona wote wawili. Dakika zikapita. Baadaye kidogo wasiwasi ukamwingia. Akabonyeza kitufe cha kutoka katika usomaji, skrini ikashuka mpaka chini, na pale chini palikuwa na swali:

"Rekodi hii ipo tayari. Niandike juu yake? n/h"

Hakujua limesubiri muda gani. Alichokijua ni kwamba seva ya zamani ya redio haipendi kungojeshwa. Ikiona kimya kirefu inakata mawasiliano, na programu ya Baba Ursula ikikatwa huanza upya tangu A. Kuanza upya saa hizo ni kumaliza jioni kabisa, mashine ya kanda imekwisha kurudi Sigino.

Akapeleka kidole kwenye h, ya hapana. Kabla hajabonyeza, skrini ikaruka juu, kwenye kwaya. Akabonyeza hivyo hivyo. Hakuna kitu. Katika hali ile ya kusoma, herufi unayoandika haiendi kwenye programu, inamezwa. Akatoka tena katika usomaji, swali likaonekana, na mara gurudumu la Nakwa likazunguka. Juu. Akatoka. Juu.

"Unafanya nini?" Mama Gerson alikuwa nyuma yake, safari hii bila kisingizio cha mkasi.

"Sio mimi, mama. Ni baba. Anasoma kwaya."

"Mwambie aache."

"Nikiandika hakifiki. Akiwa anasoma, maneno yangu yanamezwa."

"Mpigie!"

Akapiga. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mama Ursula ndiye aliyepokea, akiwa sokoni. Mzee alikuwa amempa simu yake kwa kuwa ya mkewe iliisha chaji. "Nimwambie nini nikifika?" aliuliza kwa ukarimu. Noela alimshukuru na kumtakia ununuzi mwema, kisha akaona aibu kwamba hata sasa amemtakia ununuzi mwema.

Kwenye kioo, Baba Ursula alikuwa amefika kwaya ya vijana na hakuwa na haraka.

Ipo amri ya kumtoa mtu ndani ya tmux. Noela aliijua. Aliisoma zamani, akaipita upesi, kama mtu anavyopita mbele ya mlango wa mahakama. Alifungua njia nyingine ya kuingia kwenye seva, pembeni, akauliza ni akina nani wamo ndani. Wakaonekana wawili: yeye, na mwenye skrini ndogo. Akaandika amri mpaka mwisho. Mkono ukasimama juu ya Enter.

"Bado nini?" aliuliza Mama Gerson.

"Ni kama kumtoa nje, mama. Bila kwaheri."

Mama Gerson alivuta pumzi ndefu. Alivuta kiti cha wateja, akaketi, akayaangalia maandishi yaliyosimama kwenye kwaya ya vijana.

Noela akaifuta ile amri. Akaandika nyingine kwanza, ya kupeleka ujumbe kwenye ukanda wa chini wa skrini ya mtu mmoja: "Samahani Baba Ursula, nakutoa kidogo, kuna swali linanisubiri." Akaituma. Akahesabu moyoni muda wa mtu mwenye jicho moja zima kusoma maneno hayo, akaona hauna mwisho, akaandika tena amri ya kumtoa na kubonyeza.

Nukta zikafutika. Maandishi yakafunguka mpaka kingo zote za kioo, ghafla na kwa upana uliomshtua. Akatoka katika usomaji, akaliona swali, akajibu h. Programu ikatulia kidogo, muda wa kutosha kwa watu wawili kuacha kupumua. Kisha mstari mmoja ukaja, na mwingine, na M ikaendelea.

"Inakwenda?" alinong'ona Mama Gerson.

"Inakwenda."

Iliisha saa tisa na nusu. Noela akapanda juu kwa gurudumu, safari hii mpaka A, na njiani kila IMESHINDIKANA ilikuwa mahali pake. Alikuwa amefika kwenye N katika kunakili majina alipoona simu inaita. Namba ya Mama Ursula.

"Binti." Ilikuwa sauti ya mzee.

Noela alisimama. Alisimama kabisa, na kiti kikarudi nyuma kikagonga feni. "Shikamoo baba. Samahani sana baba. Kulikuwa na swali, na nilijaribu kupiga..."

"Umenitoa."

"Ndiyo, baba."

"Nipo zangu kwaya ya vijana, najitafuta kwenye sauti ya besi, naona chini pameandikwa 'Samahani Baba'. Nikasema, ngoja nisome samahani ya nini. Kabla sijamaliza nipo nje. Kwenye kompyuta yangu mwenyewe!"

"Sikuwa na njia nyingine, baba."

"Ungeniacha ningekaa humo mpaka usiku. Nani alijua gurudumu ni tamu hivi? Na hilo swali limejibiwa?"

"Limejibiwa. Imemaliza. Majina yote ninayo."

"Haya. Mpe simu Mama Gerson."

Noela alimpa. Mama Gerson aliweka simu sikioni, lakini Baba Ursula alikuwa mtu wa enzi za simu za waya, alizungumza kwa nguvu ya kufika Arusha bila mtambo, na chumba kizima kilisikia.

"Mama Gerson! Huyo mtoto wa wifi yako umeshamwambia aje?"

"Bado, Baba Ursula. Nilikuwa nasubiri leo."

"Muache huko. Miaka yote hii nimekuwa na wasiwasi na kitu kimoja tu kwa huyu binti. Kazi anaijua. Nilisema, siku seva itakapotaka abonyeze kitu ambacho mtu mzima hatakipenda, atabonyeza? Sasa amenifukuza mimi. Wewe utakuwa nani? Hao wa shule, hao wa ghala, watakuwa nani?"

"Amekuomba radhi lakini," alisema Mama Gerson, macho kwa Noela.

"Ameomba. Kisha akafukuza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Mama Gerson alirudisha simu, akanyanyuka, akakirudisha kiti cha wateja ukutani. Mlangoni akageuka.

"Jumatatu chukua ule ufunguo mwingine wa chumba hiki, ukae nao. Mimi itabidi nitafute mtu wa kaunta." Akafikiri kidogo. "Au nimuulize Konstantini kama anajua kubadilisha tona."

"Mama!"

"Nauliza tu. Mtoto anahitaji kuzunguka aone nchi." Akatazama saa ya ukutani. "Na wewe unacheka nini? Umefika N. Coletha anasubiri, na katekista hawezi kutuma ujumbe wa nne akabaki mpole."

Noela akaketi, akavuta kiti mbele, akaendelea na N.